Unataka kumpa binti jina la mkato? Pitia hapa kabla hujajaza fomu

Kuna wazazi wanahangaika miezi tisa nzima kutafuta jina refu zuri la binti, Elizabeth, Margaret, Khadija, wanaliandika kwenye cheti kwa mwandiko wa kujivunia, afu kuanzia kesho yake mtoto anaitwa Betty, Maggie, Dija, na lile refu halisikiki tena mpaka siku ya kwenda shule. Hii nimeiona kwa mtoto wa dada yangu. Siku ya kwanza darasani mwalimu anaita majina, "Khadija!", kimya, "Khadija!", kimya, na mtoto kakaa zake pale anageuka geuka kuangalia huyo Khadija kiburi asiyeitika ni nani, kumbe ni yeye. Miaka sita yuko duniani na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba ana jina jingine. Tulicheka mpaka basi, ila mi nikabaki na swali moja, kama ukoo mzima tunamwita Dija, si tungeandika Dija tu yakaisha?

Basi nilipopata wa kwangu niliandika fupi moja kwa moja, herufi nne, halina refu lililofichwa nyuma. Sasa amekua, na kiukweli sijajuta, ila kuna vitu ningependa kuvijua mapema, ndo hivyo naviandika hapa.

Kwanza toa ule uoga kwamba jina la mkato sio jina kamili. Majina kibao ambayo we unayaona ni kamili kabisa yalianza kama majina ya kubembelezea watoto. Rita ni mkia wa Margarita. Lisa katoka kwa Elizabeth, Nancy inarudi kwa Anne, Anita ni Anna mdogo kwa Kihispania, Lola ni Dolores, Heidi ni Adelheid wa Kijerumani, na kwa Warusi ndo usiseme, Sonia ni Sofia, Tania ni Tatiana, Nadia ni Nadezhda ambalo maana yake ni tumaini. Hata Asha wetu ni Aisha aliyezungushwa mdomoni. Kuna mpaka mkato wa mkato, mtoto mdogo wa Obama tunamjua kama Sasha lakini jina lake ni Natasha, na Natasha lenyewe ni Natalia aliyebembelezwa, yani ukifukua unakuta kila mtu chini yake kuna mwingine.

Na kinachonifurahisha zaidi ni Molly na Sally. Molly ni Mary na Sally ni Sarah, Waingereza wa zamani walikuwa wakibembeleza mtoto wanageuza r inakuwa l, Dorothy naye akawa Dolly kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo we unayechekwa kwa kuchanganya r na l, tulia, kuna watu waliichanganya wakapata majina mazuri tu. Afu wakaendelea kucheza na vina, Molly akazaa Polly, Meg akazaa Peg, ndo maana Margaret anaweza kuitwa Peggy na ukitafuta hiyo p ilipotokea huioni.

Sasa namna ya kulipata. Wengi wanafungua orodha ndefu za majina kwenye intaneti wanasoma mpaka macho yanauma. Njia rahisi ni kuchukua jina refu unalolipenda na kulikata mwenyewe ukiwa umekaa na karatasi. Kata kichwa uone kinachobaki, Khadija anabaki Dija, Amina anabaki Mina, Fatuma anabaki Tuma, Elizabeth anabaki Beth. Kata mkia, Zainabu anabaki Zai, Margaret anabaki Maga ambayo mi siipendi ila we utaamua. Chukua katikati, ndo Liz hapo. Rudia silabi moja mara mbili, unapata Lulu, Zuzu, Gigi (zuzu kwa Kiswahili ni mjinga, nitarudi kwenye maana hivi punde). Au ongeza mkia mdogo, kila lugha ina wake, Waingereza wana ile i ya mwisho, Rosie, Annie, Wahispania wana ita, Rosita, Juanita, Wafaransa wana ette, Juliette, Annette, Waarabu wana namna yao ya kubadilisha sauti za ndani ya jina, Sakina inakuwa Sukaina. Ukifanya hivi kwa majina matano tu unayoyapenda utapata kama ishirini na mengine utayacheka mwenyewe.

Faida moja ya kukata ambayo watu hawaifikirii, jina fupi linaweza kuiacha maana ya mama yake nyuma. Dolores kwa Kihispania ni maumivu. Lola haumwi popote. Kama unapenda jina la mtu ila maana yake inakukera, hapo ndo pa kutokea.

Ukishapata mawili matatu, anza na mdomo, achana na kalamu kwanza. Simama mlango wa nyuma uite kama unamwita mtoto aliye mbali. Ni kweli utaonekana umechanganyikiwa, ita hivyohivyo. Jina linaloishia na irabu linasafiri, Miiina, Luluuu, lakini Beth, Liz, Meg, Kate yanakwama, na kwa sisi waswahili hayakai hivyo hata siku mbili, tunayapachika irabu bila kupenda, Bethi, Lizi, Megi, Keti. Kwa hiyo ukichagua Liz jua unachagua Lizi, na kama Lizi hulipendi basi hata Liz hulipendi, umelipenda likiwa kwenye karatasi tu.

Ita pia pamoja na jina la baba au la ukoo. Hapa majina mafupi yana kaugonjwa kao, yakikutana na jina linaloanza na irabu yanamezwa. Dija Ali ukilisema haraka ni Dijali, Asha Ahmed ni Ashahmed. Sio dhambi, ila kama jina la ukoo linaanza na a, bora lako la mkato liishie na i au u, Zai, Betty, Lulu. Na kama lote ni fupi, la mtoto silabi mbili na la ukoo silabi mbili, linakuwa kama kengele, wengine wanalipenda hilo, mi nalipenda. Kinachochosha ni vina, kitu kama Lili Chili, huyo mtoto watamwimba mpaka akose raha.

Kama ana dada, ita wote wawili. Mina na Nina ndani ya nyumba moja maana yake kila ukiita wanakuja wote au haji hata mmoja.

Tukija kwenye maana, hapa usiruke. Majina mafupi yana hatari ambayo marefu hayana, kwa sababu silabi mbili tupu zinaweza kuwa neno kwenye lugha yoyote ile. Elizabeth haiwezi kuwa neno la kitu kingine, ila Mia ni mia, namba, na Pia ni pia, na Mimi ndo balaa, "nani kavunja kikombe?", "Mimi", "nani?", "Mimi". Nina ni jina zuri sana dunia nzima lakini mtoto akisema naitwa Nina lazima atatokea mjomba wa kumuuliza "una nini?", na atalisikia hilo kwa kila mtu mzima atakayekutana naye, kila mmoja akidhani kalitunga yeye. Hayo yanavumilika. Ila kuna mengine, Zizi anayetokana na Aziza kwa Kiswahili ni nyumba ya ng'ombe, unasema sawa, atakwenda kusoma nje huko, afu Ufaransa wanakuambia zizi ni neno la watoto la sehemu za siri za mvulana. Pipi ni tamu huku, kwa Wafaransa ni mkojo. Na upande wa pili, Waturuki wana wasichana wanaitwa Mavi, kwao ni rangi ya bluu, jina la kishairi kabisa, na nadhani sina haja ya kukuelezea kwa nini wewe usilichukue.

Kuna yanayotoka salama pande zote, Lulu kwa mfano, Kiswahili lulu, Kiarabu lulu, na mzungu akilisikia anaona ni jina tu la kupendeza. Nia pia naliona limetulia. Na usichukulie kila maana kama kifungo, Bibi Titi Mohamed alipanda majukwaani miaka ya 50 kupigania uhuru wa Tanganyika na hakuna aliyethubutu kucheka jina. Lakini yule alikuwa Bibi Titi. Mtoto wa darasa la pili hana ubavu ule, kwa hiyo kama unaweza kumpunguzia mapambano mpunguzie.

Njoo kwenye swali ambalo bibi na mashangazi watakuuliza wa kwanza, "akiwa mkubwa je?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba jina huwa linakua na mwenyewe, ila sio yote. Betty White yule mwigizaji wa Marekani alizaliwa 1922 akaandikwa Betty, sio Elizabeth, akaishi mpaka Disemba 2021 akiwa na miaka 99, na Betty lilimtosha kutoka kitandani mpaka kaburini. Sally Ride ndo mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda anga za juu, 1983, na Sally lilikuwa jina lake halisi. Dolly Parton ni Dolly kweli, Kate Winslet ni Kate kweli. Jimmy Carter alikuwa James kwenye makaratasi lakini 1977 aliapa urais kwa jina la Jimmy, kama rais anaweza kuapa kwa jina la mkato basi binti yako anaweza kuomba kazi nalo.

Yasiyokua ni yale yanayoeleza utoto wenyewe. Bebi, Kadogo, Toto, Kichuna, hayo yaache nyumbani. Utaniambia mbona Bi Kidude alizeeka akiwa Bi Kidude na dunia nzima ikamheshimu, sawa, lakini kwa jina la kuzaliwa alikuwa Fatuma binti Baraka, Kidude lilikuja juu yake, alikuwa na pa kurudi. Kipimo changu mimi ni cheo, weka cheo mbele ulisome kwa sauti. Jaji Rita. Dokta Mina. Profesa Lulu. Kamanda Dija, hilo mbona ndo limekaa vizuri kuliko yote. Sasa jaribu Jaji Bebi. Umeona.

Sio kila mtu aandike fupi lakini, nisikudanganye. Kama wewe na mwenzio mnavutana, mmoja anataka refu mwingine fupi, kuna njia ya katikati ambayo ni kuandika fupi kama jina la kwanza na refu kama la pili, Betty Elizabeth inachekesha kidogo, lakini Mina Margaret au Lulu Khadija inakaa poa, na akikua akiamua anataka refu lipo kwenye cheti chake tayari. Kinyume chake, refu mbele na fupi katikati, kinaleta shida kwa sababu ofisi nyingi zinachukua la kwanza na la mwisho tu, kwa hiyo lile unalomwita linapotea. Na kama unamrithisha mtu, tuseme marehemu bibi, mi nashauri umrithishe lile aliloitikia yeye. Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuwa mdogo hakuweza kulitamka jina lake, nyumbani akawa Lilibet, na mwaka 2021 mjukuu wake Harry aliandikisha binti kwa jina la Lilibet, hilohilo la nyumbani. Kuna watu walipiga kelele. Mi niliona kaelewa, maana Elizabeth wako mamilioni.

Suala la makaratasi ndo limenifanya niwe mkali kwenye hili, maana nimeliona likimtesa mtu. Ndugu yangu mmoja alikuwa na jina la cheti na jina la mtaani, shule wakaandika la mtaani kwa sababu ndo alilolitaja mwenyewe akiwa mtoto, kitambulisho kikaja na la cheti, siku anataka kusafiri jina la vyeti na jina la pasipoti havifanani, ikabidi aende kuapa kwamba hawa wawili ni mtu mmoja, anazunguka na karatasi ya kiapo kama mtu anayejitetea. Tiketi ya ndege nayo inataka jina kama lilivyo kwenye pasipoti, Dija wa kwenye tiketi sio Khadija wa kwenye pasipoti, hawajuani. Ukiandika lile unaloliita, jina linakuwa moja kila mahali. Na fupi lina kajifaida kengine, ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, yenye alama kama vimshale, kila mstari una nafasi 44 na majina yote ya mtu yanapewa nafasi 39, wenye majina marefu matatu manne hukatwa hapo bila kuulizwa.

Spelingi sasa. Amua moja na usibadilishe, kwa sababu Ellie, Elly, Elli na Eli kwa kompyuta ni watu wanne. Na Eli kwanza ni yule kuhani wa kwenye Biblia aliyemlea Samweli, ni mwanaume, kwa hiyo ukifupisha kupita kiasi umebadilisha na jinsia. Kuna wanaotaka kuandika kama Kiswahili kinavyosomeka, wazo zuri, ila pima kila jina kivyake, Kate ukiliacha hivyo kuna mtu atalisoma ka-te kama nusu ya mkate, ukiliandika Keti umemwambia mtoto akae chini. Maisie na Sadie nayaogopa kwa sababu hiyo, yakisomwa herufi kwa herufi sio yale tena. Dija, Mina, Lulu, Rita, Asha hayana shida hiyo, unaliona unalisoma. Mi ningebaki upande huo.

Uliza pia kama mahali unapoishi wanakubali. Sehemu nyingi hakuna anayekuuliza, ila kuna nchi zina utaratibu, Iceland wana kamati ya majina tangu 1991 na jina jipya lazima lipite kwao, Ujerumani msajili anaweza kulikataa akiona litamdhuru mtoto. Swali la dakika mbili, liulize kabla tumbo halijawa kubwa.

Afu kuna jambo hakuna aliyeniambia. Ukimpa fupi, watu watalirefusha. Ukimwita Betty watauliza "Betty ya nini?", atajibu Betty tu, watauliza tena "lakini jina kamili?", na kuna mmoja atajaza Elizabeth kwenye fomu kwa kujiamini kabisa bila kuuliza. Mfundishe mwanao mapema kusema "ndo jina lenyewe" na kuangalia wanachoandika. Na wengine watalifupisha zaidi, usidhani silabi mbili zimefika mwisho, Lulu anakuwa Lu, Mina anakuwa Mi, wangu wa herufi nne kuna rafiki yake anamwita kwa herufi ya kwanza peke yake, na anaitika.

Kabla hujaamua kabisa, mwite kwa hilo jina wiki mbili akiwa bado tumboni, kwenye maongezi ya kawaida tu, "Mina leo kapiga teke", "Mina hataki nilale ubavu huu". Kama siku ya nne ushaacha kulitumia bila kujua, sio lenyewe.

Na ukifika pale kuandikisha usiwe na haraka. Karani wangu aliniuliza mara mbili, "na jina kamili ni?", nikamwambia ndo hilo, akanitazama, akaandika, na ile herufi moja akairudia mara mbili kwa sababu aliona limepungua. Niliona kwa bahati tu, nilikuwa nimeshashika kalamu nisaini. Pitisha kidole herufi moja moja kabla ya muhuri, maana kabla ya muhuri ni kufuta na kuandika upya, baada ya muhuri ni barua, kiapo na njoo wiki ijayo.